Andrew Mynarski na tareti iliyokwama

Wengi wanaosimulia kifo cha Andrew Mynarski, Mkanada aliyekuwa mpiga bunduki wa ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, hukimbilia saluti. Kijana anawaka moto, anasimama wima, anampigia saluti mwenzake, kisha anaruka. Ni kweli ilitokea hivyo. Lakini saluti ile haina uzito wake wote mpaka ujue ndani ya Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Uingereza yenye injini nne, palikuwaje: mlango ulikuwa upande gani, parachuti iliwekwa wapi, na injini ipi ilizungusha tareti ya mkiani, yaani kizimba cha bunduki. Ukishajua hayo, unaona wazi kuwa Mynarski alikuwa na njia ya kuokoka hatua chache tu kutoka alipokaa, na akaiacha kwa hiari yake.

Alizaliwa Winnipeg, Kanada, tarehe 14 Oktoba 1916, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 16, ikambidi aingie kazini kusaidia nyumbani, akawa fundi wa ngozi. Mwaka 1941 alijiunga na Jeshi la Anga la Kifalme la Kanada. Alipelekwa kwanza Calgary kusomea redio, lakini alama za Mosi (Morse), za kutuma herufi kwa nukta na mistari, zikamshinda, akahamishiwa chuo cha upigaji bunduki cha MacDonald, Manitoba. Njia hiyo ilikuwa ya kawaida. Aliyeshindwa kusoma Mosi kwa kasi iliyotakiwa, na macho yake yakawa mazuri, mara nyingi aliishia nyuma ya bunduki.

Huko Uingereza aliwekwa kwenye Kikosi cha 419 cha Wakanada, kilichoruka kutoka Middleton St George, kaskazini mwa nchi. Kila Lancaster ilibeba watu saba. Rubani wao alikuwa Art de Breyne. Robert Bodie alikuwa mwongoza njia, Roy Vigars fundi wa injini, Jack Friday mlenga mabomu, na James Kelly mwendesha redio. Bunduki za juu ya mgongo wa ndege zilikuwa za Mynarski, na za mkiani zilikuwa za Pat Brophy. Wawili hawa walikuwa marafiki wa karibu sana. Brophy alikuwa ofisa na Mynarski hakuwa, kwa hiyo wakirudi usiku walilala mabweni tofauti, na katika kuagana Mynarski alizoea kumpigia saluti ya utani na kumtakia usiku mwema kama mkubwa wake. Siku moja tu kabla ya safari ya mwisho alipandishwa cheo akawa ofisa naye.

Sasa tuingie ndani ya ndege.

Tareti ni kizimba kidogo cha chuma na plastiki ngumu angavu, kinachozunguka pamoja na mtu na bunduki zake. Ile ya mkiani kwenye Lancaster ilikuwa na rashasha nne za Browning za milimita 7.7, kila moja ikiweza kutoa risasi zaidi ya 1,000 kwa dakika. Risasi hazikukaa ndani ya tareti, maana pasingetosha. Zilipangwa kwenye masanduku yaliyokuwa mbele zaidi, zikaletwa nyuma kwa reli ndefu ndani ya kiwiliwili cha ndege. Tareti ya mgongoni ilikuwa na bunduki mbili. Bunduki hizo zilizidiwa mbali na mizinga ya milimita 20 ya ndege za Kijerumani za usiku, ambayo ilipiga kutoka mbali zaidi na risasi yake moja ililipuka ndani ya ilichokipiga. Ndiyo maana kazi kubwa ya mpiga bunduki ilikuwa kuona. Akimwona adui mapema, humwambia rubani upande wa kupinda, na rubani huiangusha ndege kwa kuizungusha kuelekea upande ule ule adui anakotoka, kisha huipandisha kwa kuigeuza upande wa pili, tena na tena, ili adui asipate muda wa kulenga. Aliyechelewa kuona kwa sekunde tano hakuwa na la kusaidia tena.

Mkiani kulikuwa na baridi kali mno. Kwenye safari za juu joto lilishuka hadi nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, na wapiga bunduki wengi walikata sehemu ya plastiki ya mbele ili waone bila ukungu wala mikwaruzo, hivyo upepo uliwaingia moja kwa moja. Walivaa suti zenye nyaya za umeme ndani, pamoja na glavu na soksi za umeme. Waya mmoja ukikatika, kiungo kile kiliganda. Ukigusana na mwingine, uliunguza ngozi. Barafu ilijijenga kwenye barakoa ya oksijeni kutokana na pumzi, ikabidi uifinye kwa mkono mara kwa mara ili isizibe.

Mambo mawili ndiyo yaliyoamua usiku wa Mynarski. La kwanza ni parachuti. Tareti ya mkiani ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu hakuweza kuvaa parachuti humo. Alivaa mikanda tu, na mfuko wenyewe wa parachuti ulikaa nje ya milango ya tareti, ndani ya kiwiliwili cha ndege. Ili kutoka, ilimbidi kwanza ainyooshe tareti itazame nyuma sawasawa, maana hapo tu ndipo milango yake ilipokutana na uwazi wa kuingilia ndani. Kisha afungue milango, auvute mfuko, aupachike kifuani, halafu ama aizungushe tareti upande na kujiangusha kinyumenyume hewani, au atambae hadi mlango mkuu. Tareti ikikwama imegeukia upande, milango inafunguka penye utupu na parachuti iko nyuma ya ukuta.

La pili ni nguvu ya kuizungusha. Tareti ya mkiani iliendeshwa na mafuta yenye mgandamizo, yaliyosukumwa na pampu iliyofungwa kwenye injini ya nje ya kushoto. Mabomba ya mafuta hayo yalipita urefu wote wa ndege. Injini ile ikifa, tareti inakufa. Kulikuwa na mpini wa kuzungushia kwa mkono, wa dharura, lakini kazi yake ilikuwa ya polepole hata bila moto.

Usiku wa kuamkia 13 Juni 1944, wiki moja baada ya majeshi ya Washirika kutua pwani ya Normandy, walitumwa kupiga reli za Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, ili Wajerumani washindwe kusafirisha askari na silaha kwenda pwani. Ilikuwa safari yao ya 13. Kabla ya kupanda, wakisubiri kwenye majani kando ya ndege, Mynarski aliokota mmea mdogo wa klova wenye majani manne, ambao kwao ni ishara ya bahati, akampa Brophy. Ndege yao ilikuwa KB726, iliyoundwa Kanada kwenye kiwanda cha Victory Aircraft, Malton, Ontario.

Walipokwisha vuka pwani ya Ufaransa, taa za kumulika angani ziliwanasa kwa muda, de Breyne akazikwepa. Baadaye kidogo Brophy aliona Junkers 88, ndege ya Kijerumani ya usiku, nyuma yao na akapiga kelele. Rubani alianza kupinda, lakini adui alikwisha ingia chini ya tumbo la ndege, mahali ambapo bunduki za Lancaster hazikufika. Mizinga iliua injini zote mbili za kushoto na kuwasha moto kwenye bawa la kushoto. Moto mwingine uliwaka ndani, kati ya tareti ya mgongoni na ile ya mkiani, ukilishwa na mafuta ya kuendeshea tareti yaliyomwagika kutoka kwenye mabomba yaliyopasuka. Simu ya ndani ilikatika, hivyo de Breyne akatoa amri ya kuruka kwa taa nyekundu, akiimulika kwa herufi P ya Mosi.

Mbele mambo hayakuwa rahisi pia. Tundu la kutokea la puani mwa Lancaster lilikuwa sakafuni, jembamba mno kwa mtu aliyevaa mavazi mazito na mfuko wa parachuti kifuani. Friday alipolifungua, upepo ulikirusha kifuniko kikampiga usoni akazimia. Vigars akamfungia parachuti na kumsukuma nje. Tundu lile liliua wengi. Freeman Dyson, mwanahisabati aliyefanya kazi makao makuu ya ndege za mabomu, alipochambua hesabu aligundua kwamba katika Lancaster zilizotunguliwa waliookoka hawakuzidi sana asilimia 15, wakati katika Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, walifika karibu 25. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya ukubwa na mahali pa matundu ya kutokea. Kwangu hilo ni doa kubwa zaidi kwenye sifa za ndege ile, kwa kuwa lingeweza kurekebishwa kwa msumeno na vipande vichache vya bati.

Mynarski hakuhitaji tundu la mbele. Mlango mkuu ulikuwa upande wa kulia, nyuma ya tareti yake, njiani kuelekea mkiani. Alishuka, akajifunga parachuti, akafika mlangoni. Hapo alitazama nyuma na kupitia moto akamwona Brophy. Injini ya nje ya kushoto ilikuwa imekufa, tareti imegeukia upande, na Brophy alipojaribu mpini wa dharura ulivunjika mkononi. Alikuwa amefungiwa, na parachuti yake iko upande wa pili wa milango isiyofikika.

Kutoka mlangoni hadi tareti ya mkiani ni mwendo mfupi, lakini hauendi wima. Kiwiliwili kinabana, na lazima utambae juu ya muhimili wa mabawa madogo ya mkia. Mynarski alitambaa kwa mikono na magoti ndani ya mafuta yanayowaka. Kwa kuwa alikwisha jifunga parachuti, ilikuwa kifuani pake, mbele kabisa, penye moto. Ikawaka pamoja na nguo zake hadi kiunoni. Alipiga milango ya tareti kwa shoka la dharura, haikusogea. Akajaribu kwa mikono mitupu. Brophy alimpigia ishara na kelele aondoke, kwani aliona hakuna kinachowezekana. Hatimaye Mynarski alirudi, akitambaa kinyumenyume bila kumwachia macho rafiki yake, akasimama mlangoni na kupiga saluti. Brophy aliona midomo yake ikitamka yale maneno yao ya kuagana kila usiku.

Aliruka akiwa anawaka, na parachuti yake inawaka. Wafaransa waliokuwa chini waliona moto ukishuka na wakamkuta akiwa hai, lakini majeraha ya moto yalikuwa makubwa mno. Alikufa akiwa na miaka 27. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya kijiji cha Méharicourt.

Ndege ilianguka bila rubani ikiwa na mabomu na mafuta ndani. Bawa liligonga mti, pigo hilo likaipasua tareti ya mkiani na kumrusha Brophy nje, akaanguka mbali na moto bila jeraha kubwa. Mabomu mengi hayakulipuka. Wengine watano nao waliokoka: Friday na Vigars walikamatwa, waliobaki walifichwa na Wafaransa. Katika watu saba, aliyekufa ni mmoja, yule aliyekuwa tayari mlangoni.

Nimewahi kusoma hoja kwamba basi Mynarski alikufa bure, kwa kuwa Brophy angeokoka hata hivyo. Naikataa kabisa. Hakuna mtu ndani ya Lancaster inayoanguka na mabomu tumboni ambaye angepanga mambo akitegemea mti. Mpiga bunduki aliyekwama mkiani alihesabiwa kuwa maiti, na Brophy mwenyewe alijihesabu hivyo. Uamuzi wa mtu hupimwa kwa alichojua wakati ule, na Mynarski alijua mambo mawili: mlango uko wazi, na mwenzake yuko hai.

Wote waliopanda ndege hizo walijitolea. Kati ya watu wapatao 125,000 waliopanda ndege za mabomu chini ya kamandi ya Uingereza, walikufa 55,573. Zamu moja ilikuwa safari 30. Ikiwa kila safari inapoteza ndege 4 katika 100, kiwango ambacho hakikuwa cha ajabu katika vipindi vibaya, basi nafasi ya kumaliza zamu ni chini ya theluthi moja. Vijana hawa walijua kuzidisha, na mwongoza njia wa kila ndege alikuwa na penseli.

Ushahidi wa kilichotokea mkiani ulikuwa kwa mtu mmoja tu. Brophy alijificha na wapiganaji wa chini kwa chini wa Ufaransa, akarudi London Septemba 1944, na hapo ndipo wenzake walipopata habari kamili. De Breyne alishughulikia pendekezo la nishani, na Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ikatangazwa tarehe 11 Oktoba 1946, zaidi ya miaka miwili baadaye. Andiko rasmi la nishani linafuata maelezo ya Brophy: moto hadi kiunoni, juhudi za kuizungusha tareti, saluti.

Lancaster ya Kanada inayoruka hadi leo, iliyoko Hamilton, Ontario, imepakwa rangi na herufi za KB726, yaani VR-A. Si ndege yenyewe. Hiyo ya Hamilton ilikamilika Malton Julai 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha. Ukipata nafasi ya kuitazama, usiishie kwenye injini na pua kama wanavyofanya wengi wanaopiga picha. Nenda upande wa kulia, utafute mlango ule wa nyuma, kisha pima kwa macho hadi tareti ya mkiani.