Leo nimechukua stendi ya bunduki

Wale wa hapa Texas mnaopenda kulenga shabaha, mjue leo nimeamua.

Nilikua nasita kati ya zile slaidi za chuma, yaani fremu ya kuwekea bunduki unayoipakia uzito hadi bega halisikii teke la risasi ikitoka, na stendi ya kawaida yenye skrubu ya kupandisha na kushusha. Slaidi ni tamu, ila ukizidisha uzito ile nguvu yote inaishia kwenye kitako cha mbao cha bunduki na kinaweza kupasuka, na changu ni cha mbao nakipenda sana.

Nikachukua stendi, nyuma mfuko wa mchanga.

Yadi 100. Nimeegesha mbao ya mbele ya bunduki, sio mtutu maana mtutu ukiguswa risasi inahama, nikaminya mfuko kidogo tu na ile alama ya kulengea ikatulia kabisaaa, haitikisiki hata nikivuta pumzi. Jamani ule utulivu!

Nyumbani nimehakikisha chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu, nikailaza bunduki kwenye stendi hiyohiyo kusafisha, mikono yote huru, fimbo ya kusafishia naingizia nyuma kulinda mdomo wa mtutu.

Nyie mnaegesha kwenye nini? Na mfukoni mchanga au kitu kingine? Nitupieni picha