Mfupa wa bibi unaunga

Jumamosi usiku, Ngamiani, Tanga.

Wiki hii darasani tumetoka kwenye seli na tishu, tumeingia kwenye mifupa, na sijapata kusoma kitu kikanishika namna hii. Seli tulizipita upesi: utando, kiini, mitokondria. Tishu nazo ni aina nne, ya kufunika, ya kuunganisha, ya misuli na ya neva. Mfupa umo kwenye hizo za kuunganisha, pamoja na gegedu, ile tishu inayopinda kama ya sikioni, mafuta na damu yenyewe. Hapo nikaacha kuandika, nikawa nasikiliza tu.

Nina sababu yangu. Bibi yangu, ambaye naishi naye, aliteleza uani mwezi uliopita. Akajikinga kwa kiganja, na mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Hospitali wakaunyoosha, wakamfunga plasta. Tangu siku hiyo nikirudi chuoni, kabla sijavua hata viatu, ananiuliza: "Mume wangu, hivi humu ndani kunafanyika nini?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na sasa naweza kulijibu.

Tulitazama kipande cha mfupa kwa hadubini. Kilikatwa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Nilitegemea kuona kitu kitupu, cheupe, kama chokaa. Nikaona duara ndani ya duara, na katikati ya kila kundi la duara kuna tundu ambamo hupita mishipa ya damu na neva. Baina ya duara hizo kuna vijishimo, na mtu akiwa hai, ndani ya kila kijishimo hukaa seli moja. Seli hizo huitwa osteositi. Zimezungukwa na madini pande zote, lakini hazikutengana: kila moja imenyoosha vijinywele vyake kupitia mifereji myembamba hadi vigusane na vya jirani. Mtu akibeba mzigo, zenyewe ndizo zinazohisi mfupa ukielemewa na kupeleka habari. Ndiyo maana mfupa unaofanya kazi hunenepa, na wa mtu aliyelala kitandani muda mrefu hupungua.

Mbali na hizo kuna seli zinazojenga, osteoblasti, na seli zinazobomoa, osteoklasti, ambazo ni kubwa na zina viini vingi. Osteoklasti humwaga asidi, zikayeyusha mfupa mkongwe. Osteoblasti huja nyuma yake zikiweka mpya. Kazi hiyo haisimami maisha yote. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Shida ya wanawake ni kwamba hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hushuka, na wabomoaji wakawashinda wajenzi. Mfupa unabaki na umbo lilelile kwa nje huku ndani umekuwa mwepesi. Bibi amebeba ndoo za maji kichwani tangu utotoni kule Muheza, ameinua magunia ya mahindi, na kilichomvunja ni sakafu yenye maji. Hilo limeniuma. Sasa nikipita barabarani nikaona mama mtu mzima anavuka taratibu, nasimama.

Basi nilimweleza hivi. Mfupa ulipovunjika, damu iliganda pale pale, na seli za kusafisha zikaja. Baadaye, kwa wiki kadhaa, nyuzi na gegedu laini vimeziba ufa. Hapo vipande vimeshikana, ila ushiko wenyewe ni dhaifu. Kisha osteoblasti zinageuza gegedu ile kuwa mfupa, zikiingiza madini ya kalisi (kalsiamu) na fosfati hadi iwe ngumu. Kilichobaki ni kuchonga: ule uvimbe wa mfupa mpya utapunguzwa kwa miezi, pengine miaka, mpaka ukaribie umbo la zamani. Na hapa ndipo ninapostaajabu kila nikifikiri. Ngozi ikikatika sana huacha kovu, lakini mfupa ukipona vizuri haurudi na kovu, unarudi mfupa.

Nalisema hili kwa sababu jirani yetu, kwa nia njema kabisa, amemshauri aitoe plasta akachuliwe kwa mafuta ya nazi. Maumivu yamepungua, anasema, kwa hiyo mkono umepona. Nimekaa naye kibarazani nikamweleza, kwa adabu, maana ni mama yangu mkubwa kwa umri: kupungua kwa maumivu ni dalili nzuri, lakini gegedu ile laini bado haijawa mfupa. Ikivutwa sasa, vipande vinahama, na mkono utaunga umepinda. Alisikiliza. Akaniuliza kama anaweza kumletea bibi mchuzi wa dagaa. Nikamwambia alete, tena mwingi, kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yao na kalisi imo humo.

Bibi mwenyewe alitaka kujua jambo moja tu, kama vidole vinaruhusiwa kufanya kazi. Vinaruhusiwa, na vinatakiwa. Mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na viungo vyake vikikaa bila kukunjwa hukakamaa. Kwa hiyo asubuhi anakunja na kukunjua, huku akisoma uradi wake, na mchana anachambua mchicha kwa ncha za vidole vilivyochomoza kwenye plasta.

Jumatatu tunaanza misuli. Nimeshapekua kurasa za kigasha, maana humo ndimo ilimo misuli mingi inayokunja vidole, kwa sababu leo ameuliza kwa nini akikunja kidole cha mwisho, cha jirani yake nacho kinafuata.