Hesabu ya Mierezi

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimeshindwa kuuvuka mstari mmoja wa Luka 16: "Toa hesabu ya uwakili wako." Kila nikiusoma nawakumbuka watu wa Quinault, wenyeji wa asili wa pwani ya jimbo la Washington, Marekani, na kiongozi wao Joe DeLaCruz.

Watu hawa walijaliwa mierezi myekundu. Serikali iliwagawia ardhi yao vipande vya ekari 80, kisha yenyewe ikabaki mdhamini: ndiyo iliyouza miti, ikapokea fedha, ikakata ada ya usimamizi, ndipo mwenye ardhi akapewa kilichosalia.

DeLaCruz alirudi nyumbani Taholah mwaka 1967 kuwa meneja wa shughuli za kabila. Msituni wakataji walikuwa wakichukua magogo mazuri na kuacha matawi, vilele na magogo yenye kasoro, rundo juu ya rundo, hata udongo wa kupanda mche haufikiki. Yakikauka, moto ukija hauzimiki. Yakiangukia kijitoni, yanamzibia njia samaki aitwaye salmoni anayepanda mtoni kwenda kutaga. Na kuna baya zaidi, lisiloonekana. Salmoni jike huchimba changarawe, hutaga, kisha hufukia. Mayai huishi kwa maji yenye hewa yanayopenya kati ya kokoto. Tope laini la barabara za magogo likijaza nafasi zile, mayai hukosa hewa yakafa. Siku chache baada ya mvua, maji ya juu ni maangavu tena, na mpita njia hajui kilichokufa chini.

Ndugu mweka hazina, mdhamini wa kiwanja cha kanisa, mjomba uliyeachiwa shamba la yatima, hapo Neno linatugusa. Tumezoea kusimama na kusoma mapato, matumizi, salio, watu wakaitikia amina. Hayo ni maji ya juu. Paulo asema inayohitajiwa katika mawakili ni mtu aonekane kuwa mwaminifu. Aonekane! Maana yake changarawe ifukuliwe, watu watazame. Anayekasirika akiulizwa ameshasahau kuwa mali si yake.

Mwaka 1971 DeLaCruz na watu wake walilifunga daraja la Chow Chow, malori ya magogo yasipite. Mwaka huohuo kabila na wenye ardhi 1,465 walikwenda mahakamani kudai kwamba miti iliuzwa chini ya bei ya soko na mingine haikulipiwa kabisa, uvunaji haukuacha msitu wa kesho, fedha zilizoshikwa hazikupata riba inayostahili, na ada ilizidi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliwakatalia, kwa kuwa sheria waliyoitegemea haikuipa serikali jukumu la kutunza msitu. Hawakukata tamaa. Walirudi na sheria za mbao zenyewe, na mwaka 1983 mahakama ikatamka kwamba serikali yaweza kudaiwa fidia kwa usimamizi mbovu. DeLaCruz aliliongoza kabila miaka 22.

Basi Jumapili hii mwenye daftari aje nalo, pamoja na risiti. Tutauliza yaleyale ya Quinault: kiliuzwa nini, kwa bei gani, nani alikatwa au kulipwa ada, fedha ililala wapi, na pale tulipovuna pamebaki nini.