Majani mabichi kiangazi hiki

Jamani, leo tumechimba uani kutafuta bomba la maji machafu lilipoziba.

Siku hizi ukivuta maji chooni, tundu la bafuni linakoroma, na maji ya kuoga yanatuama miguuni. Mama akatuonyesha pale karibu na mwembe: uwanja wote umekauka, kipande kimoja tu majani yamestawi, udongo tepetepe.

Fundi bomba akafunua chemba ya kwanza, kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba: imejaa. Ya pili, karibu na shimo la maji ya choo, kavu kabisa. "Basi shida iko hapa katikati."

Mizizi ya mwembe imepenya kwenye maungio ya bomba, imejisuka mle ndani kama nywele, uchafu umenasa.

Kinachonitia hofu ni kisima chetu, hakiko mbali na hapo panapovuja. Watoto wanakunywa maji yale! Tunachemsha mpaka yapimwe.

Kwenu mliona dalili gani? Mwembe tuukate au tuhamishe bomba?