Kunguru wa London, viazi vya Voronezh

Jana usiku kijana wangu alinifuata jikoni na daftari lake la kidato cha pili. Alitaka kujua kwa nini mwalimu kamkata alama kwa kuandika "the Lake Victoria", ilhali mto Rufiji tunauwekea hiyo "the" na hakuna anayelalamika. Nilikuwa nakuna nazi, wala sikuinua kichwa. Mito inawekewa, nikamwambia. Ziwa likitanguliwa na "Lake" haliwekewi. Mlima mmoja peke yake hauwekewi, ndiyo maana Kilimanjaro haina. Safu ya milima inawekewa, kwa hiyo Usambara inayo.

"Mama, hayo ulifundishwa wapi?"

"Urusi."

Akacheka, akaenda zake. Anadhani namtania.

Kiingereza nilikutana nacho Tanga, kwa walimu waliotukaririsha mpaka sentensi iliyokosewa ikawa inakera sikioni, ingawa sababu ya kukera huwezi kuieleza. Sheria zake, zenye namba na vighairi na vighairi vya vighairi, nilikutana nazo Voronezh, mji wa Urusi, kwa Kirusi, ndani ya kitabu kilichokwisha jalada. Nilikuwa nasomea misitu. Habari za miaka ile nimeshawachosha nazo, sirudii. Itoshe kusema tu kwamba serikali ya Rais Yeltsin iliachia bei zijipange zenyewe tarehe 2 Januari 1992, na mwaka ulipokwisha vitu vilikuwa vimepanda zaidi ya mara 20. Posho ya mwanafunzi wa kigeni ilibaki kuwa kitu cha kuhadithia. Wakati huohuo kila mzazi pale mjini alikuwa ameamka siku moja na kuamua kwamba mwanawe lazima ajue Kiingereza. Ukiwa Mwafrika na unakizungumza, basi wewe ni mwalimu, hata kama chuoni unasomea namna ya kupima unene wa msonobari.

Mimi nilikuwa nalipwa viazi. Mama mmoja mhandisi, mwenye binti anayemaliza shule, alikuwa na kishamba nje ya mji kama walivyo wengi wao, na chini ya sakafu ya kibanda chake kulikuwa na shimo la kuhifadhia viazi msimu mzima wa baridi. Mfuko mmoja kwa wiki, na mara mojamoja chupa ya matango ya chumvi. Binti alikuwa anataka kuingia kitivo cha lugha za kigeni. Siku hizo mtihani mmoja wa taifa ulikuwa haujazaliwa. Huo wa fomu za kusahihishwa kwa kompyuta ulikuja kuwa wa lazima nchi nzima mwaka 2009. Wakati wetu kila chuo kilitunga mtihani wake, na ulikuwa wa mdomo, wa bileti.

Bileti ni vikaratasi vinavyolazwa kifudifudi mezani. Unaingia, unasalimia kamati, unaokota kimoja, unasoma namba yake kwa sauti, unapewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha unajibu. Kila bileti ina mambo matatu: kifungu cha kusoma na kutafsiri, swali la sarufi, na kile wanachokiita topiki. Topiki ni hotuba fupi juu ya mada inayojulikana tangu kale: familia yangu, mji wangu, vivutio vya London, mfumo wa siasa wa Uingereza, sikukuu za Wamarekani. Watoto wa Kirusi wanazikariri neno kwa neno. Mpaka leo mkute Mrusi yeyote aliyesoma Kiingereza shuleni, hata kama amesahau chote, atakutajia kwamba London ni mji mkuu wa Uingereza na kwamba ndiyo kitovu chake cha siasa, uchumi na utamaduni. Wenyewe wanaifanyia mzaha.

Kwenye sarufi tulielewana haraka, maana mengi yaliyomtesa yalikuwa yamenitesa na mimi. Kirusi hakina vibainishi, yaani "a" na "the". Na sisi hatuna. Mrusi akisema "alisema anaumwa", ule ugonjwa unabaki katika wakati wake, kama kwetu. Mwingereza yeye anataka kuurudisha nyuma ufuatane na kusema. Tulikaa jioni nzima tukivirudisha vitenzi nyuma. Aliponipita ni kwenye kuandika vighairi kwa mpangilio, madaftari yake yalikuwa masafi mno. Nilipompita ni kwenye "is" na "are", kwa sababu Kirusi cha wakati uliopo hakina haja ya "ni": mimi mwanafunzi, mama mhandisi, basi. Tena d ya mwisho wa neno ilikuwa inamgeukia t, na duka kwao ni "magazin", naye akaliandika "magazine", kwa hiyo kwenye insha zake mama yake alikuwa ananunua mkate ndani ya jarida.

Mwezi wa nne mwaka 1993, Jumapili, theluji imekuwa tope, mama akaamua tufanye mtihani wa majaribio. Akamwalika jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja aliyestaafu baada ya kufundisha Kiingereza maisha yake yote. Huyu bibi aliitwa kwa jina lake na la baba yake pamoja, kwa heshima kamili, na ukisahau la baba anakuangalia mpaka ukumbuke. Mimi humu nitamwita Bibi Mwalimu. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alikipata kwenye sahani za santuri, sauti za wanaume wa London wanaosema polepole, na hakuwahi kukipata kwingine.

Bileti alizitengeneza yeye, kwa mabaki ya zile karatasi za maua wanazobandika ukutani. Upande mweupe kaandika kwa kalamu ya wino, herufi za kulala, upande wa maua ukatazama juu. Meza ya jikoni ikajaa vipande vya mawaridi. Bibi Mwalimu kaketi kichwani kwa meza, blauzi ina bruchi. Mimi pembeni yake, mjumbe wa pili wa kamati. Mama kwenye jiko anakaanga viazi, anajifanya hasikilizi. Binti akatoka nje ya mlango, akabisha hodi ya mtihani, akaingia, akaokota waridi moja.

Tafsiri ikapita. Sarufi ikapita, na ugonjwa ukarudi nyuma inavyotakiwa. Topiki ikawa ni vivutio vya London, akavuta pumzi akaanza. Mji mkuu, kitovu cha siasa, mto Thames pamoja na "the" yake. Nguzo ya Nelson katika Trafalgar Square. Big Ben, ambayo alijua kuwa si saa wala si mnara bali ni kengele iliyomo ndani. Bibi Mwalimu akatikisa kichwa kwa raha, maana mtego ule alikuwa ameutega yeye. Halafu Mnara wa London na kunguru wake. Inasemekana, akasema binti, kwamba kunguru hawa wakiuhama mnara, ufalme utaanguka.

Hapo nikacheka. Nisameheni, mimi mtu wa Tanga. Kunguru ninaowajua wanakunyang'anya samaki mkononi, na ukiombea kitu basi ni wahame. Wale wa London ni wakubwa zaidi, tena wanahudumiwa, lakini hayo sikuwa nayajua. Nilichowaza ni ufalme mzima umeshikiliwa na wale wezi wa Ngamiani, kwetu Tanga.

Kicheko kilikuwa kidogo, lakini kilimtosha. Binti akanyamaza. Akafumba macho, midomo ikacheza, hakupata kitu. Mnajua mtoto wa madrasa ukimkatiza katikati ya sura: hawezi kushika pale alipoachia, sharti arudi bismillahi. Naye akarudi. London ni mji mkuu wa Uingereza. Mto, nguzo, kengele, kwa kasi zaidi sasa, shingo imekuwa nyekundu. Alipofika tena kwenye kunguru akasimama mwenyewe, akaniangalia kuona kama nitacheka.

Nikaona nimsaidie. Nikamuuliza, kwa Kiingereza, kama mtu anavyomuuliza mwenzake: "Wewe mwenyewe ukifika London, ungependa kufanya nini?"

Bibi Mwalimu akaweka penseli chini. "Hilo halimo kwenye programu," akasema kwa Kirusi.

Binti alikuwa hajawahi kuulizwa kitu kwa Kiingereza ambacho jibu lake halikuandikwa mahali. Alitazama ile karatasi ya waridi pande zote mbili. Viazi vinachirizika. Mwisho akasema, akiokota neno mojamoja: "I want count ravens. Maybe they already fly away." Nataka kuhesabu kunguru, labda wameshaondoka. Kisha akageuka kwa mama yake, kwa Kirusi, kawaida kabisa: "Si wetu walishaondoka?"

Bendera nyekundu ya Umoja wa Kisovyeti ilikuwa imeshushwa Kremlin tarehe 25 Desemba 1991. Kwenye vitambulisho vya wale wanawake wawili nchi ilikuwa bado ni ile iliyokufa. Mama aliacha kugeuza viazi, na upande mmoja uliungua, nakumbuka kwa sababu tulivila.

Bibi Mwalimu aliokota penseli. "Baada ya 'want' umeiacha 'to'," akasema. "Kunguru wanaojulikana wanahitaji 'the'. Kitenzi cha mwisho kimekosewa wakati. Tatu."

Kwao tano ndiyo ya juu na mbili ndiyo kufeli. Nilisema mimi ningempa tano. Nikasema jikoni mle yeye peke yake ndiye aliyetamka kwa Kiingereza kitu ambacho hakikutoka kitabuni. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilikuwa najisikia sana.

"Kamati haipimi fikra, mpenzi wangu," akasema. "Inapima vibainishi. Fikra akitaka atakuwa nazo baada ya kuingia." Kisha akanigeukia kwa Kiingereza chake cha santuri: "Wewe umefika London?"

Sijafika.

"Na mimi sijafika."

Mama naye hajafika, binti ndiyo usiseme. Watu wanne tunagombana juu ya mji ambao hatukuwahi kuuona, kwa lugha ambayo hakuna aliyezaliwa nayo, na mimi ndiye niliyeletwa kama mjuzi. Sasa kwa nini mtihani wa lugha uulize Thames badala ya mto Don, ulio karibu na pale? Niliuliza, nikajibiwa kwamba lugha bila nchi yake ni uzio bila nyumba. Sikuwa na jibu. Tanga tuliimba nyimbo za theluji bila kuiona, na hakuna aliyeuliza.

Akaendelea kunisaili. Shakespeare nimesoma? Nikamwambia nimesoma tamthilia mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, zote kwa Kiswahili, na mfasiri alikuwa Rais wetu. Akadhani hakusikia vizuri. Rais? Rais, Mwalimu Nyerere, ya kwanza ilitoka 1963 na ya pili 1969. Akakaa kimya, halafu akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza akazungumza nami kama mtu na si kama mjumbe mtovu wa nidhamu. Soneti za Shakespeare, akasema, Warusi wanazijua kwa tafsiri ya Marshak, na Marshak kazaliwa hapahapa Voronezh, 1887, wala si mbali. Akanisomea moja yote, kwa Kirusi, macho yamefumba. Nikamsomea kipande cha hotuba ya Antoni, ile ya Juliasi Kaizari, kwa Kiswahili, nilichokikumbuka. Binti alikuwa ameshaanza kula.

Nimefundisha wengi baada ya yule, hapa nyumbani, na kila nikitunga mtihani namwona yule bibi na penseli yake. Kuna siku naona alikuwa anaua kitu. Kuna siku, hasa nikishika rundo la insha zenye fikra nzuri zisizosomeka, naona alikuwa anajua anachofanya. Sijaamua.

Kiangazi kile mama alikuja bwenini kwetu. Binti kaingia. Kwenye Kiingereza kapata nne. Aliokota bileti ya mfumo wa siasa wa Uingereza, akaimwaga yote, mabunge mawili na Waziri Mkuu wa namba 10 Downing Street, na mwenyekiti wa kamati alikuwa anatazama dirishani muda wote. Swali hakuulizwa hata moja.

Nilimpongeza. Akasema kuna mdogo wake sasa, wa kiume, naye aanze mapema, mwezi wa tisa, kwa malipo yaleyale. Ila ana ombi moja, na nisilichukulie vibaya: tufanye sarufi, tufanye topiki, yale maswali yangu niyaache.

Nikakubali. Viazi vya mwaka jana vilikuwa vimeniishia tangu Juni.