Ujumbe huu umefutwa

Jumapili usiku, Kampala

Grupu letu la kwaya limetulia leo baada ya wiki nzima ya moto. Sisi ni watu wa ibada ya Kiswahili: watoto wa kambi za jeshi kama mimi, Wakongo, wafanyabiashara waliokuja kutafuta riziki wakaoa hapa hapa. Tunaimba pamoja vizuri kuliko tunavyochati.

Jumanne ndugu mmoja alirusha skrinshoti ya taarifa ya pesa za simu, akaandika chini yake kwamba mama mtunza hazina amekula michango ya hija ya Namugongo. Ni pesa ya basi na chakula cha tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, na kila mtu alikuwa ametoa kwa kujibana. Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Kumbe mama alishamlipa mwenye basi kwa laini yake ya pili. Alipotuma risiti, ile picha ikatoweka, pakabaki "Ujumbe huu umefutwa". Hata chai haijapoa, ndugu yule yule akatuletea mstari wa Biblia wa asubuhi.

Nilimkumbuka bibi yangu. Alikuwa mlokole wa zamani, wa ule uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na hapa Uganda miaka ya 1930. Kwao dhambi uliyomtendea mtu uliitubu mbele yake, na kama watu walisikia, basi mbele yao pia. Walirudisha majembe waliyoiba. Walilipa madeni ambayo mdai mwenyewe alishayasahau. Bibi aliwahi kusimama kanisani akasema amemsengenya mke wa katekista, na mke wa katekista ameketi benchi la mbele. Sisi wajukuu tulitamani ardhi ipasuke. Sitaki kuwapamba. Walikuwa wakali, na wapo walioijua dhambi ya jirani kuliko ya kwao. Lakini hawakuwa na kitufe cha kufuta.

Vijana wetu, kwa upande wao, wanahangaika na VPN, ile programu ya kufungulia mitandao iliyozuiwa. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, kwa hiyo anayetaka kufuata ibada huko moja kwa moja lazima aiwashe. Je, ni dhambi? Kwenye somo la Biblia huyu anashika Warumi 13, tuzitii mamlaka, yule Matendo 5, tumtii Mungu kuliko wanadamu. Mchungaji akacheka, akasema ataliombea, na ibada inaendelea kurushwa huko huko. Mimi naona wameng'ang'ania swali jepesi. Watu wengi walizizoea VPN tangu 2018, ilipokuja ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, na sijaona jirani aliyelia kwa sababu yake.

Mama mtunza hazina alilia. Habari yake ilishavuka grupu, ikafika kwenye ukurasa wa mtu anayejiita Mtumishi, picha yake ni simba, jina halisi hakuna. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji, naye alijua vizuri ni akina nani. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Huyu wetu anajificha nyuma ya simba ili amseme mama anayeuza mboga.

Jana baada ya mazoezi mzee wa kwaya alimwita yule ndugu pembeni. Sikusikia yote, ila hili nililisikia: "Mwanangu, ulipomwagia ndipo utakapofutia." Usiku akaandika kwenye grupu, kwa mkono wake, kwamba alisema uongo kabla ya kuuliza, na akamtaja mama kwa heshima. Mama akajibu "Amina, mwanangu", basi. Hazina ameshaikabidhi kwa mwingine, na sidhani kama atairudia.

Walioweka vikaragosi vya kucheka bado wako kimya. Mmoja wao leo asubuhi kaweka zaburi kwenye stetasi.