Tezi ya mate haijioteshi yenyewe

Nikiulizwa nafanya nini maabara, hujibu kwa kifupi: natazama tezi za mate zikiota.

Tezi ya chini ya taya ya kijusi cha panya cha siku 13 ni ndogo kuliko punje ya mtama. Tunaitoa kwa ncha za sindano chini ya darubini, tunailaza juu ya utando wenye vitundu unaoelea kwenye maji ya lishe, kisha tunaiweka kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake machipukizi yake ya mviringo yamegawanyika kwa mifinyo myembamba, moja likawa mawili au matatu. Kesho kutwa kuyahesabu ni taabu.

Amri ya kuchipua inatoka nje ya machipukizi hayo. Yamezungukwa na tishu laini, mesenkima, inayotoa protini ya FGF10, nayo machipukizi yana kipokezi chake, yaani protini ya kuupokea ujumbe huo, FGFR2b. Panya aliyekosa kimojawapo hapati tezi za mate, wala mapafu. Kwa binadamu, mwaka 2005 ilibainika kwamba nakala moja tu ya jeni ya FGF10 ikiharibika, mtu anaweza kuzaliwa na tezi za mate na za machozi zilizodumaa au zisizokuwepo kabisa. Fikiria kula mkate mkavu hivyo, maisha yako yote.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni hili. Ondoa mesenkima yote, weka kando ya chipukizi shanga ndogo iliyolowekwa FGF10: chipukizi hurefuka kuifuata, likawa mfereji. Weka FGF7 badala yake, protini ndugu inayotumia kipokezi kilekile: sasa linachanua machipukizi. Tofauti ni mnato. FGF10 hunasa kwenye sukari za heparani salfeti zilizo baina ya seli na seli, haifiki mbali, FGF7 husambaa. Mwaka 2009 watafiti walibadilisha asidi amino moja tu ya FGF10, yaani kijenzi kimoja cha protini hiyo, ili inase kidogo, nayo ikaanza kutenda kama FGF7. Asidi amino moja!

Baadaye seli hugawana kazi. Za ncha huwa asina, zinazotoa maji na protini. Za mioepithelia huzikumbatia na kuzibana. Za mifereji hunyonya chumvi njiani. Neva nazo zina sauti: asetilikolini, kemikali yake ya ujumbe, hudumisha seli mama zinazozaa seli nyingine, na fundo la neva likiondolewa, hizo hupungua.

Baba mdogo alitibiwa saratani ya koo kwa mionzi. Amepona, namshukuru Mungu, ila asina zake nyingi zilikufa, na ugali haushuki bila mchuzi mwingi na maji kando. Nilipomchorea tezi kwenye daftari, akaweka kidole kwenye mifereji: "Hizi zilizobaki haziwezi kufundishwa kazi ya wenzao?" Kwa panya zinaweza: baada ya jeraha kubwa, baadhi ya seli za mifereji huzaa asina, japo chache mno. Mimi natafuta ni ujumbe gani wa kuziongezea, na uzifikie kwa umbali gani.